Fundi Apime Kwanza, Ndipo Aguse Skrubu

Neno 'kupima' lina maana mbili nchini mwetu, na tofauti iliyopo baina yake huwagharimu wenye magari ya zamani. Tabibu akisema kwamba amepima damu, twatarajia tarakimu. Fundi wa gereji akisema kwamba anapima gari, aghalabu huwa ameketi nyuma ya usukani, analizungusha mtaani na kurudi, huku ametega sikio. Simlaumu. Gari lenye kabureta lilimfundisha hivyo, na sikio likamtosha. Ninaloshikilia ni kwamba sikio hilo halitoshi kwa injini ambayo petroli yake hunyunyizwa kwa mitambo mitupu, pasipo kompyuta, na kwamba lugha nayo ina sehemu yake katika jambo hili.

Mitambo ya namna hii si migeni kwetu. Peugeot 404 ambayo Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, aliiendesha na kushinda mbio za Safari za 1966 na 1967 ilikuwa nayo. Lakini wengi waujuao ni ule wa Bosch uitwao K-Jetronic, uliotokea 1973 na kuwekwa, mathalani, katika Mercedes-Benz 280E zilizoundwa hadi 1985. Herufi K yatokana na neno la Kijerumani lenye maana ya mfululizo, kwa kuwa nozo hazipigi kwa zamu bali hunyunyiza bila kukoma. Hewa inayovutwa na injini huinua kisahani. Kisahani huinua mchi mdogo ulio ndani ya kigawa-petroli. Mchi ukipanda, petroli nyingi hupita. Juu ya mchi huo hukandamiza petroli ya presha nyingine, ambayo hupunguzwa injini ikiwa baridi ili mchi upande kwa wepesi. Basi kila kitu hapa ni presha, na presha haisikiki kwa sikio.

Chukua tatizo moja ambalo ni la kawaida katika joto letu. Gari huwaka vizuri asubuhi. Likizimwa sokoni adhuhuri kwa dakika 20, hukataa kuwaka hadi betri ichoke. Fundi aliyepima kwa sikio huchukua ufunguo wa Allen wa milimita 3 na kuzungusha skrubu ya mchanganyiko ili petroli iongezeke. Gari huwaka siku mbili tatu, kisha plagi huingia masizi, petroli ikaliwa ovyo, na nozo zikalaumiwa. Kumbe presha iliyopaswa kubaki mabombani baada ya injini kuzimwa ilikuwa imevuja, petroli ikageuka mvuke! Huenda kasoro iko katika valvu ya pampu izuiayo petroli kurudi tangini, au katika kihifadhi presha. Skrubu haikuwa na hatia.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Geji hufungwa kati ya kigawa-petroli na kidhibiti cha presha, injini ikiwa imelala usiku kucha. Valvu ya geji ikifungwa, husomwa presha ya mtambo mzima, yapata baa 5. Ikifunguliwa, husomwa presha ya kudhibiti, ambayo huanza chini na kupanda polepole kadiri kidhibiti kinavyopata joto, hadi baa 3.5 hivi. Kisha injini huzimwa, na geji huachwa palepale ili ionyeshe kama presha yashuka ghafla. Tarakimu ya injini baridi hutegemea joto la hewa. Ile ya alfajiri ya Limuru haiwezi kuwa ile ya Mombasa, na sharti isomwe pamoja na jedwali la mtengenezaji. Nozo nazo huchomolewa na kutiwa kila moja katika chupa yake ya kioo, pampu ikafanya kazi huku kisahani kimeinuliwa, na petroli ya chupa hizo ikalinganishwa. (Sigara ikae mbali, kizima-moto kikae karibu.) Skrubu huguswa mwisho, tena kwa kiasi kidogo mno.

Haya yameandikwa wapi kwa lugha anayowazia fundi? Miongozo niliyoiona ni ya Kijerumani na Kiingereza. Wasomi wetu wamebuni 'kanieneo', neno lenye mantiki, kani juu ya eneo, ila sijamsikia fundi hata mmoja akilitamka. Yeye ana presha, geji na nozo, nami sioni aibu kuyaingiza darasani yalivyo. Kinachonisumbua zaidi ni vitenzi. Kukagua, kupima, kulinganisha na kurekebisha, vyote vinne humezwa gerejini na 'kutengeneza', naye mwenye gari hulipia kazi asiyojua ilikuwa ipi.

Ningependa mwalimu wa shule ya upili awape wanafunzi wake zoezi hili: waende katika gereji ya jirani, waandike hatua anazofuata fundi, wakitenganisha alichokisikia na alichokisoma kwenye geji. Kisha wamsomee insha hiyo. Yeye atawaonyesha papo hapo palipokosewa.