Picha ya ubongo haitoshi, mzazi

Wazazi wengi hunijia wakitaka kijana wao apigwe picha ya ubongo. Wiki mbili kijana halali, anasema upesi upesi na kugawa vitu vya nyumbani. Baadaye hujifungia chumbani, hataki hata kula. Huenda huo ni ugonjwa wa baipola, ambao aghalabu huanza ujanani.

Hakuna picha, hata ya MRI, inayoweza kuuthibitisha. Picha hufaa daktari anaposhuku uvimbe au jeraha. Baipola hutambuliwa kwa kumsikiliza mgonjwa na jamaa zake.

Wengine huogopa kwamba dawa "hula" ubongo. Mwaka 2018, watafiti wa mataifa mbalimbali walichapisha ulinganisho wa picha za watu 6,503, wakiwemo wagonjwa 2,447. Gamba la ubongo wa wagonjwa lilikuwa jembamba zaidi. Hata hivyo, waliotumia lithiamu walikuwa na upungufu mdogo, ilhali waliotumia dawa za kifafa walikuwa na upungufu mkubwa. Je, ni dawa au ni ukali wa ugonjwa? Picha ya siku moja haiwezi kujibu.

Kwa hivyo, usimwachishe mwanao dawa kwa sababu ya uvumi. Kuiacha ghafla kunaweza kurudisha ugonjwa kwa kishindo, na wagonjwa wengine hujiua. Badala ya kudai picha, dai vipimo vya damu: kiwango cha lithiamu, figo na tezi ya thairoidi. Hivyo ndivyo vinavyomlinda.