Jino Linalocheza Kabla ya Wakati

"Daktari, mng'oe tu. Gari la Muze linaondoka saa nane."

Mama huyo alipanda mlima tangu alfajiri, mwanawe wa miaka sita mapajani. Shavu la kulia limevimba, gego linacheza. Mimi ni tabibu wa meno hapa Sumbawanga, koleo nimelishika miaka mingi, na siku hiyo nililishika upesi mno. Niling'oa. Nikatoa dawa ya usaha, ingawa usaha wenyewe sikuuona. Wiki mbili baadaye walirudi: jicho limesukumwa nje, magego mengine mawili yanaelea kwenye ufizi.

Ilikuwa saratani ya Burkitt. Sisi wa huku juu Ufipa, kwenye baridi yetu ya mita zaidi ya 1,700, hatuijui sana. Ni ugonjwa wa joto na mbu, wa kule chini bondeni na ziwani: Muze, Mtowisa, Kirando, Kasanga. Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Uganda, alimwona mtoto wa kwanza wa namna hii mwaka 1957, taya zimevimba kulia na kushoto, juu na chini. Mwaka 1961 alifunga safari ya gari, kilomita kama 16,000 kwenda kusini, akiuliza hospitali kwa hospitali, akakuta uvimbe huo unafuata joto na mvua na kukwepa miinuko. Baadaye ikajulikana kuwa ni virusi vya Epstein-Barr, ambavyo karibu kila mtoto wetu huvipata, vikikutana na malaria isiyokwisha. Uchawi haumo, wala yale "meno ya plastiki" yanayosingiziwa kila homa.

Na mpasuaji huyohuyo ndiye aliyeweka kisu kando. Dawa ya mshipani, saiklofosfamaidi ikiwa ya mbele, huuyeyusha uvimbe ndani ya siku chache. Lakini usipotibiwa unaweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili. Hesabu mwenyewe wiki zangu mbili. (Upo uvimbe mwingine wa taya kwa vijana, ameloblastoma, unaokua polepole kwa miaka. Huo ndio wa kisu, hadi kipande cha taya kikatwe. Huo waweza kungoja mavuno.)

Kwa hiyo nawaambia wenzangu wenye koleo: mtoto mdogo akija na shavu limevimba na jino linacheza kabla ya wakati wake, mpapase na tumbo, kisha mwandikie rufaa siku hiyohiyo. Halmashauri nazo zitenge nauli ya mtoto na mama yake. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambako wodi ya saratani ya watoto ilihamia mwaka 2011 kutoka hospitali ya Ocean Road, ni zaidi ya kilomita 1,100 kutoka hapa. Nilipompa rufaa, mama yule hakukwamia dawa, alikwamia nauli ya basi. Aliuza mpunga ungali shambani.

Mtoto yuko kidato cha pili sasa. Akipanda mjini hupita kunisalimu, na akicheka naliona pengo, upande wa kulia.