Uchovu Usioisha: Kabla ya Kununua Vitamini, Tazama Sahani Yako

Miezi mitatu iliyopita mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo hapa jijini, alinijia akilalamika. Akipanda kitandani miguu haitulii, ni kana kwamba siafu wanamtambaa. Asubuhi huamka hoi, na darasani husinzia. Tayari alikuwa ametumia pesa za nauli kununulia chupa ya vitamini.

Nilimuuliza, "Unakula nini?"

"Chai na mandazi asubuhi, shangazi. Jioni ugali na sukuma, kisha chai ya kuteremshia."

Tulienda kliniki. Alipopimwa damu, himoglobini ilikuwa gramu 9 kwa desilita. Kwa mwanamke asiye mjamzito inafaa kufika angalau 12. Alikuwa amepungukiwa na madini ya chuma.

Wengi wetu hudhani vitamini ni kama petroli. Sivyo. Nguvu hutoka katika chakula chenyewe. Vitamini za kundi B huusaidia mwili kukitumia. Chuma nacho huiwezesha damu kubeba oksijeni. Kikipungua, hata kupanda ngazi huchosha, na kwa baadhi ya watu miguu hukosa kutulia usiku, usingizi ukapotea.

Hapa ndipo vitamini C inapofaa. Chuma kilicho katika mboga, maharagwe na ndengu hakifyonzwi kwa urahisi. Ukila chungwa, pera au kachumbari pamoja na mlo huo, mwili hukipata zaidi. Chai hufanya kinyume: hukizuia. Basi inywe saa moja au mbili baada ya kula. Ile ya usiku iache kabisa, kwani kafeini yake hufukuza usingizi.

Sukuma wiki usiipike hadi ibadilike rangi, maana moto huharibu vitamini C. Ukipata omena au nyama kidogo, heri zaidi, kwani chuma chake hufyonzwa upesi.

Uchovu ukiendelea kwa majuma kadhaa, msomaji, usijitibu. Nenda ukapimwe. Tembe za chuma zinaweza kumdhuru asiyezihitaji, na ziwekwe mbali na watoto.

Mpwa wangu anameza zake kwa maagizo ya daktari, na juzi aliniambia amelala hadi kukakucha. Chai bado anaipenda. Siku hizi anaisubirisha tu.