Mtunzi wa Nchi Zisizokuwapo

Wazazi hutuuliza mara nyingi: Je, yafaa mtoto kusoma hadithi za majini na za watu waliogeuzwa wanyama? Si afadhali ashike hesabu na Kifaransa, vitakavyompatia kazi? Leo twapenda kujibu kwa kueleza habari za mtu mmoja aliyetunga hadithi za namna hiyo, tena kwa Kiswahili, lugha tunayoisema nyumbani kwetu Kolwezi.

Jina lake ni Shaaban Robert. Alizaliwa mwaka 1909 kijijini Vibambani, karibu na Tanga, pwani ya nchi ambayo leo ni Tanzania. Alikuwa Mwislamu. Alisomea Dar es Salaam, na mwaka 1926 akaingia kazi ya serikali, akawa karani wa forodha huko Pangani. Toka hapo, kwa zaidi ya miaka thelathini, alikuwa karani wa idara moja baada ya nyingine. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na vitabu vyake havikumtajirisha. Alifariki mwaka 1962, umri wake miaka 53. Kufikirika, hadithi aliyoiandika mwaka 1946, haikupigwa chapa mpaka mwaka 1967, naye alikwisha kuzikwa.

Karani huyu alikuwa na kipawa cha kuumba nchi zisizokuwapo. Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, ni nchi inayoelea angani. Humo Karama ashtakiwa kwa kosa la kufundisha sheria, naye ajitetea kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, kutafuta mambo ya kuifaa nchi yao. Waliporudi na mema waliyoyapata, walitiwa gerezani. Mtoto asoma safari za ajabu. Mtu mzima aona dhuluma anayoifahamu. Wote wawili wamesoma kitabu kile kile.

Lakini hadithi tunayoitaka hasa ni Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka 1952. Mfalme Rai amtuma Ikibali kukusanya kodi kwa Adili, liwali wa Janibu. Usiku mgeni aona jambo la kumshangaza: mwenyeji wake, mtu mpole, awapiga mjeledi manyani wawili, huku moyo wake ukimwuma, kisha awalisha na kuwabembeleza. Manyani wale ni ndugu zake wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu. Adili aliwasaidia walipopoteza mali yao, wao wakamwonea kijicho, wakamtupa baharini. Huria, jini ambaye Adili aliwahi kumtendea wema, akamwokoa, akawageuza ndugu wale kuwa manyani, akaamuru wapigwe kila usiku.

Asili ya hadithi hii imo katika Alfu Lela U Lela, na huko ndugu waligeuzwa mbwa. Lakini tazameni jambo alilolibadili mtunzi wetu. Katika hadithi ya kale ndugu wale, wakiisha kusamehewa, warudia uovu wao na kumwua ndugu yao. Shaaban Robert alikataa mwisho huo. Kwake, Hasidi na Mwivu warudishiwa ubinadamu wao, watubu, wawa watu wema. Sisi tusomao habari za Yusufu na nduguze katika kitabu cha Mwanzo, tutaitambua njia hiyo mara moja: ndugu aliyetupwa ndiye awezaye kufungua mlango wa msamaha.

Sasa na tuulizane, hayo yatuhusu nini sisi wa Lualaba? Katika mashimo ya shaba na kobalti, yanakochimbwa kwa mikono, mtu mmoja hushuka chini na mwenziwe hubaki juu ameshika kamba. Aliye chini hana ulinzi mwingine ila moyo wa yule aliye juu. Mara nyingi hao ni ndugu, au shemeji, au marafiki wa utoto. Bei ya mawe ikipanda, na magunia yakigawanywa kwa hila, kijicho huingia kati yao. Huyo ni Hasidi, na bahari yake ni lile shimo. Hatuhitaji jini kugeuza mtu mnyama. Fedha iliyogawanywa vibaya yatosha.

Kwa sababu hiyo twasema: Hadithi kama hii haimdanganyi mtoto. Yamwonyesha sura ya kijicho mapema, kabla hajakutana nacho katika urithi wa baba yake au katika mzani wa mnunuzi wa mawe. Hesabu itamfundisha kugawanya magunia sawasawa. Lakini hesabu peke yake haitamfanya atake kuyagawanya sawasawa.

Twajua kwamba Kiswahili cha Shaaban Robert si kile cha sokoni kwetu, na mwanafunzi atakutana na maneno magumu. Wazazi wapendwa, msikivunje moyo kitabu kwa ajili hiyo. Mtoto na asome kwa sauti jioni, kurasa mbili au tatu, mama akiwa jikoni na baba ameketi karibu. Neno lisilojulikana liulizwe kwa mwalimu siku ya pili. Nanyi wanafunzi, mkikosa kitabu, simulieni hadithi hii kwa wadogo zenu kama mlivyoisoma hapa. Kisha waulizeni: Kama ungalikuwa Adili, ungaliwalisha manyani wale baada ya kuwapiga? Sikilizeni vema watakavyojibu, kwa maana siku moja mmoja wao atashika kamba, na mwingine atakuwa chini.