Tuuze safari, tusiuze nyangumi

Najua nimepotea. BTP ilipoisha sikubaki Dar, nilivuka zangu kwenda nyumbani Kizimkazi, kusini mwa Unguja, nikamsaidia ami yangu kwenye boti ya watalii mpaka chuo kilipofunguliwa. Kazi yangu ilikuwa kushika nanga, kugawa miwani ya kuogelea, kutafsiri, na kukodoa macho baharini. Leo sina stori za hosteli. Nina jambo linanikereketa.

Wageni wengi wanakuja kwetu kwa ajili ya pomboo. Lakini kuanzia Julai mpaka Oktoba hivi, wanapita pia nyangumi wenye nundu. Hawa wanakula huko Antaktika mpaka wananenepa, kisha wanapanda hadi kwenye maji yetu ya moto kupandana na kuzaa. Mkubwa anafika mita 13 mpaka 15, na mtoto anazaliwa na mita 4 hivi. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ilipo hoja yangu. Mama akiwa huku kwetu karibu hatii kitu mdomoni. Anaishi kwa mafuta ya mwilini, na maziwa ya mtoto yanatoka humo humo. Ni sawa na sisi bumu likishakata na mtihani bado. Kila anapoikimbia boti anakula akiba ambayo hataijaza mpaka arudi kusini.

Siku moja ya Septemba, kusi limetulia, tukamwona mama na mtoto wake. Ami akakanyaga mafuta. Boti nyingine tatu nazo zikaja mbio, kila moja inataka kukaa mbele. Wageni wanapiga kelele, simu juu. Mtoto anaibuka mara kwa mara kuvuta pumzi, na mama anajigeuza kila wakati awe kati yake na mashine zetu. Tulimfukuza hivyo mpaka akaelekea bahari kuu. Wageni wakafurahi sana, bahshishi ikamiminika. Mimi mwenyewe nilipata ya kununulia begi hili ninalobebea vitabu.

Jioni nikamwambia ami, leo tumekosea. Akanijibu taratibu tu: "Mwanangu, mgeni asipoona hatoi kitu, na kesho papasi anawapeleka wageni kwa mwenzangu. Wewe ada yako unadhani imetoka wapi?"

Nikanyamaza, maana ni kweli. Na kuna kweli nyingine. Mpaka mwaka 1996 pomboo walikuwa wanavuliwa pale kwetu kuwa chambo cha papa. Utalii ndio ulioonyesha watu kwamba pomboo aliye hai analipa zaidi. Kwa hiyo mimi si wa wale wanaosema boti zipigwe marufuku. Wanaosema hivyo hawana ami.

Lakini kumwacha mnyama hai halafu kumnyima usingizi, huo uhifadhi gani? Utafiti uliofanywa na kina Christiansen kwa pomboo wa huko huko kusini mwa Unguja, ukachapishwa 2010, ulionyesha kuwa boti za watalii zikiwepo pomboo wanapumzika kidogo na wanahamahama zaidi. Kama pomboo mwenye mbio anasumbuka, je mama wa nyangumi anayenyonyesha na njaa tumboni?

Kosa si la ami peke yake. Kosa ni biashara inayomlipa nahodha kwa kusogea karibu. Maoni yangu ni haya. Bei iwe moja, uone usione, na mgeni aambiwe hivyo kabla hajapanda. Bahshishi za siku zikusanywe pamoja, mabaharia wa boti zote wagawane, ili aliyekaa mbali asilale njaa. Zisogee boti kwa zamu, na kwa nyangumi tusimame mita 100, mashine ikiwa imezimwa. Sijasema kitu cha ajabu, umbali huo ndio unaotumika nchi nyingi.

Mtasema wageni watalalamika. Basi wiki ya mwisho mashine yetu iligoma, tukawa tunaelea tu. Ami anafungua plagi huku anasonya. Mara tukasikia pumzi, phuuuu, kama mtu anafungua valvu ya tairi la lori. Nyangumi yuko mbali kidogo, ametulia, hana habari na sisi. Hakuna aliyepiga kelele. Mama mmoja wa Kijerumani alikuwa analia. Tuliporudi pwani alimshika ami mkono, akaniambia nimtafsirie kwamba hajawahi kuona kitu kizuri hivi.

Ami hakusema kitu. Ila kesho yake, tulipoona mgongo mweusi kwa mbali, alipunguza mwendo kabla sijamwomba. Boti nyingine zikatupita mbio.

Mimi nitakuwa mwalimu wa bayolojia, Mungu akipenda. Siku nikifundisha uhifadhi sitaki mtoto wa Kizimkazi anicheke.

Haya, nakimbilia foleni ya kafeteria. Mnaobisha, tukutane pale mezani.