Waifai nyumbani: Tusimwachie fundi kila kitu

Siri ya mtungi, walinena wahenga, aijuaye ni kata. Katika nyumba nyingi za mji wetu wa Machakos siku hizi mna mtungi mpya ambao baba, mama na watoto huteka humo mchana na usiku, lakini siri yake haijulikani na yeyote kati yao. Ninazungumzia kile kisanduku chenye taa za kumetameta, kiitwacho ruta, ambacho fundi wa kampuni ya intaneti hukitundika sebuleni, akaandika nenosiri kwenye kipande cha karatasi, akatiliwa sahihi na kwenda zake.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Muhula uliopita, usiku wa mwisho wa kupeleka alama za wanafunzi kwa njia ya mtandao, intaneti ilinigomea. Nilikuwa nimejifungia chumbani ili watoto wasinisumbue. Ukurasa ulizunguka, ukazunguka, ukakatika. Niliipigia simu kampuni na kumkaripia binti wa watu kwa maneno ambayo nisingependa wanafunzi wangu wayasikie. Asubuhi alikuja fundi, kijana mdogo, akachomeka waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta yangu, na mara kila kitu kikapita bila tatizo. "Mwalimu," akaniambia kwa adabu, "laini yako ni nzima. Shida ni hili kabati." Nilikuwa nimekificha kisanduku ndani ya kabati la chuma, chini kabisa, kisije kikaharibu sura ya sebule.

Kosa langu ni la wengi, tena waliosoma. Tunadhani kwamba intaneti na waifai ni kitu kimoja, ilhali ni vitu viwili. Intaneti ni ile inayotoka nje: inaingia nchini hasa kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari, zile za kwanza zikiwa zimefika Mombasa mwaka 2009, kisha inasafiri kwa nyuzi za kioo hadi Nairobi na kutufikia huku Ukambani. Waifai ni mita chache za mwisho tu, kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu iliyo mkononi, na mita hizo hupitwa hewani kwa mawimbi ya redio. Sisi wa Machakos tumeishi na uhaba wa maji tangu utotoni. Mfereji ukikauka hatukimbilii kuilaumu kampuni ya maji kabla ya kutazama kama tangi letu lina maji na kama bomba la nyumbani limeziba. Mbona basi kwa intaneti tunapiga kelele kabla ya kutazama? Jaribio la yule kijana linaweza kufanywa na yeyote mwenye waya na kompyuta: mambo yakienda vizuri kwa waya na kukwama hewani, hitilafu imo ndani ya nyumba. Yakikwama kwa waya pia, hapo ndipo pa kuipigia simu kampuni.

Mawimbi hayo ni ndugu wa yale yanayotuletea taarifa ya habari redioni, ila hutikisika kwa kasi zaidi. Ruta nyingi za leo hutumia masafa mawili. Yale ya gigahezi 2.4, yaani mitikisiko bilioni 2.4 kwa sekunde, hufika mbali na kupenya ukuta vyema, lakini yana msongamano, kwani hata jiko la maikrowevu hufanya kazi kwenye masafa hayo hayo. Yale ya gigahezi 5 yana kasi zaidi, lakini huchoka upesi. Nyumba zetu nazo ni za mawe ya kuchonga au matofali ya kuchoma, na kila ukuta hulipunguza nguvu wimbi linalopita. Maji huyameza mawimbi. Chuma na mabati huyarudisha yalikotoka. Kwa hiyo mahali pa ruta ni juu, peupe, karibu na katikati ya nyumba. Yangu sasa iko juu ya rafu ya vitabu kwenye ujia, na sura ya sebule haikuharibika hata kidogo.

Katika nyumba za kupanga kuna udhia mwingine. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 mna njia tatu tu zisizoingiliana, nazo ni ya 1, ya 6 na ya 11. Wapangaji kumi wakiwa na ruta kumi, huwa kama watu wanaozungumza kwa pamoja chumba kimoja, na kuhamia njia yenye nafasi kunaweza kuleta nafuu bila kulipa hata senti. Hata hivyo, tusisahau kwamba kasi tunayoinunua hugawanywa. Mwenye megabiti 10 kwa sekunde ambaye watoto wake wawili wanatazama video safi, kila moja ikila megabiti 5 hivi, amebaki bila kitu cha kutumia.

Jambo linalonikera zaidi ni nenosiri. Ruta ina maneno mawili ya siri: moja la kujiunga na mtandao, na jingine la kuingia ndani ya mipangilio yake. La pili mara nyingi huachwa kama lilivyotoka kiwandani, na aliyejiunga akalijua anaweza kuigeuza ruta apendavyo. Isitoshe, fundi aliyeifunga anayajua yote mawili. Simshuku mtu, lakini je, ni nani kati yetu angebadilishiwa kufuli ya mlango kisha akamwachia fundi funguo? Mwalimu anapitisha hapo alama za watoto na majina ya wazazi wao, habari ambazo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka azihifadhi. Ni kweli kwamba sheria ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mtandaoni inamwadhibu aingiaye bila idhini kwenye mfumo wa mwenzake. Lakini sheria huja baada ya mwizi. Badilisha maneno yote mawili siku fundi anapoondoka, chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, na ukimbie ule wa zamani wa WEP, ambao wataalamu walionyesha tangu mwaka 2001 kwamba unavunjika.

Wapo watakaosema kwamba haya ni anasa ya watu wa mjini. Sikubaliani nao. Kule Yatta, Mwala na Masinga, mwanafunzi anayewasha intaneti ya simu ya mamaye ili dada yake naye asome amekwisha kuigeuza simu hiyo kuwa ruta, na mawimbi, ukuta na nenosiri ni yale yale. Shule zilipofungwa Machi 2020, na wengi wasirudi hadi Januari 2021, tuliona tofauti kati ya aliyekuwa na njia ya kusomea nyumbani na asiyekuwa nayo. Kukosa pesa za kununua intaneti ni shida ambayo mwalimu hawezi kuiondoa. Kuinunua kisha kuipoteza kabatini ni shida anayoiweza.

Januari 2013 Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa mji wa teknolojia wa Konza, si mbali na hapa. Tunajivunia mji huo na huku hatujui kuhamisha kisanduku kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Somo la fizikia huwafundisha vijana mawimbi ya sumakuumeme, nao huyakariri kwa ajili ya mtihani, wasijue kwamba yanapita mbele ya pua zao. Naomba walimu wenzangu wa fizikia na kompyuta wawatoe nje ya vitabu kwa kipindi kimoja tu. Ruta kuukuu iwekwe kwenye chumba cha walimu, wanafunzi watembee na simu ya mwalimu hadi jikoni na nyuma ya tangi la maji, waandike nguvu ya mawimbi kila hatua kumi, kisha wachore ramani. Ruta kuukuu hazikosekani majumbani. Mimi nimekwisha kupeleka yangu shuleni.