Sabu ya dakika ya 120: Van Gaal alikuwa mjanja au mcheza kamari?

Wadau, kuna ubishi hauishi vijiweni: presha ikipanda, kocha anaamua kwa akili au anabahatisha? Mi leo nawarudisha Brazil, Kombe la Dunia 2014.

Julai 5, robo fainali mjini Salvador, Uholanzi na Costa Rica 0-0, dakika 120 ndo zinaisha. Louis van Gaal anamtoa kipa Jasper Cillessen, anamwingiza Tim Krul. Kipa kwa kipa, na hakuna aliyeumia! Krul akaruka upande sahihi matuta yote 5, akapangua 2, Uholanzi wakapita 4-3.

Wengi wanadhani mzee alipata wazo pale pale. Wapi! Krul alishaambiwa kabla ya mechi kwamba anaweza kuingia. Cillessen ndo hakujua, akatoka anapiga chupa teke kwa hasira (baadaye aliomba radhi). Presha yenyewe ilikuwa kuitunza ile sabu. Enzi zile sabu ni 3 tu. Hebu fikiria: vijana wako hoi, mpira unagonga mwamba, na wewe umeikalia sabu ya mwisho. Akiumia mtu dakika ya 110, ama mpango unakufa ama unacheza pungufu.

Siku 4 baadaye, São Paulo, nusu fainali na Argentina. 0-0 tena, matuta tena. Krul yuko benchi, lakini sabu zimeisha! Martins Indi, mwenye kadi ya njano, alitolewa mapumziko. De Jong, aliyekuwa ametoka majeruhi, dakika ya 62. Van Persie dakika ya 96, akaingia Huntelaar. Cillessen hakupangua hata moja, wakafa 4-2.

Kuna wanaosema hapo mzee alichemsha. Mi nabisha, ingawa hiyo ya Van Persie naielewa nusu nusu. Alikuwa anatafuta goli, na goli moja lingefuta habari yote ya matuta. Halafu Romero alipangua za Vlaar na Sneijder. Hizo Krul angefanyaje?

Siku hizi sabu ni 5, na Kombe la Dunia 2022 iliongezwa nyingine kwa muda wa nyongeza, kwa hiyo makocha wanapumua kidogo. Ila ungekuwa wewe, 2014, dakika ya 96, ungetafuta goli au ungemwekea Krul nafasi yake?